Siku Niliyojificha Ndani ya Matanga

Jirani yangu hapa Kinyinya, Kigali, anajenga. Wiki iliyopita alifunika mifuko yake ya saruji kwa turubai jipya, na ilipofika saa sita mchana, jua la kiangazi likiwa limelipasha vya kutosha, harufu yake ilipanda mpaka dirishani kwangu jikoni. Nilikuwa nakata dodo, mchicha wa huku kwetu. Nikaweka kisu chini, nikafunga dirisha, nikakaa. Binti yangu akaniuliza kama ninalia. Nikamwambia ni vitunguu, ingawa pale mezani hapakuwa na kitunguu hata kimoja.

Ni harufu ya kitambaa kizito kilichotiwa nta na kuachwa juani. Ninyi mliokua wakati wangu mnaijua kutoka kwenye harusi, tulipokuwa tukicheza chini ya turubai huku wakubwa wakingoja kula. Kwangu mimi ni harufu ya siku moja tu, katika mji mdogo wa pwani ya Tanzania, nilipokuwa na miaka tisa. Siku hiyo, kwa kunyamaza kimya, nilimnyima baba yangu kitu alichokuwa amekifuata mbali sana, na ambacho hakukipata tena.

Baba alikuwa fundi cherehani pale Gitega, mtaa wa hapa Kigali. Alianza na magauni na mashati kama mafundi wengine, halafu akapata cherehani nzito ya kushona ngozi, akawa fundi wa maturubai: ya harusi, ya kilio, ya kufunikia malori. Ndiyo sababu Mzungu mmoja aliyekuwa akijenga barabara huku kwetu alimletea tanga lililochanika. Sisi tulimwita Injinia. Alikuwa na yoti, mashua ya matanga ya kusafiria kwa starehe, na alikuwa ameiweka kwenye bandari moja huko pwani. Baba alilitandaza lile tanga uani likajaa ua mzima, majirani wakaja kulitazama, naye akalishona kwa siku nne akiwa amepiga magoti. Injinia alipoliona alivuta uzi, akavuta tena, akacheka. Kiswahili chake alikuwa amekipata Kongo. “Saidi,” akasema, “likizo yangu iko karibu. Tuende wote. Matanga mengine iko inangoja wewe.”

Baba alimuuliza jambo moja tu: kama watapita katika mji fulani, akautaja. Injinia akasema watapita, tena watalaza mashua pale siku nzima ili aisugue chini.

Mji huo ulikuwa wa babu yangu. Babu alikuja Kigali akiwa kijana, juu ya lori la chumvi na vitambaa, akiwa amemwacha mkewe na binti yao wa miaka minne. Aliwaambia atarudi baada ya miezi mitatu. Hakurudi. Huku alioa tena, akamzaa Baba, akazeeka, na siku zake za mwisho alimshika Baba mkono akamwambia, “Mtafute dada yako Zaituni. Mwambie nilikosa. Mwambie kwa mdomo wako, usimwandikie.” Baba alikuwa na dada ambaye hajawahi kumtia machoni, na alikuwa na maneno hayo ya kumfikishia. Haya yote nimekuja kuyaelewa nilipokua. Wakati ule nilijua tu kwamba tuna shangazi huko baharini.

Nilichokijua vizuri zaidi ni kwamba nyumba yetu ilikuwa imejaa. Mama alikuwa ametoka kujifungua mapacha, na wanawake waliokuja kumpongeza walinitazama nikiwa nimebeba pacha mmoja mgongoni wakasema, “Huyu mkubwa si umpeleke kwa ndugu, sha, upumue kidogo?” Mama alicheka. Lakini Baba aliposema atanichukua safarini, maana shule zilikuwa zimefungwa, Mama alipanga nguo zangu zote ndani ya begi moja. Zote, hata sweta la shule. Nilimuuliza sweta la nini, akasema, “Upepo wa bahari iko mbaya. Chukua.” Mtu haendi matembezini na sweta la shule. Nililikunja mwenyewe nikanyamaza, na ndani ya kimya hicho nikaanza kuhesabu dalili.

Tulifika pwani tukapanda yoti, na safari yenyewe ilikuwa nzuri; hilo nalo linanichoma. Sijawahi tena kumwona Baba akiwa na furaha kama ile. Alikaa sitahani na sindano yake ndefu na kipande cha ngozi kiganjani, akishona pembe za matanga huku mashua ikienda, na kila upepo uliposhika vizuri alinitazama kama vile ni yeye aliyeupuliza. Alinifundisha maneno: tanga moja, matanga mawili. Tulikula viazi na samaki. Mchana tuliona pwani ikipita, minazi na mapaa ya bati, na jioni jua likiwa bado juu Injinia alitia nanga na kunywa kahawa yake.

Katika jioni moja ya namna hiyo nilikuwa nimejilaza karibu yao, macho nimeyafumba. Injinia akauliza, “Saidi, huyo dada yako, unamupelekea nini?”

“Maneno ya mzee,” Baba akasema. “Na gauni, nimemshonea kwa kukisia. Na huyu mtoto. Huyu ndiye atamfurahisha kuliko vyote.”

Sikufumbua macho. Nilibaki hivyo hivyo mpaka kahawa ikaisha.

Tulifika pale mjini asubuhi, maji yakiwa yamejaa. Yoti ile ilikuwa na mikuku miwili chini, kama miguu, kwa hiyo maji yalipopwa ilibaki imesimama wima juu ya mchanga, mbali kidogo na nyumba za kwanza, na mtu aliweza kuizunguka kwa miguu. Injinia alivua shati akaanza kusugua mwani. Akatuambia, “Saa tisa maji itarudi. Saa kumi tunatoka, sababu ya ile mlango ya mwamba ya kutokea baharini. Jua ikizama siwezi kuiona.” Baba alivaa kanzu yake, akachukua gauni lililofungwa kwenye gazeti, akanishika mkono.

Hatukupata taabu kuipata nyumba. Mwanamke kijana alikuwa barazani anachagua mchele. Baba alisalimia, akasita, kisha akasema, “Mimi ni Saidi. Mtoto wa Mzee Rashidi, aliyekwenda Kigali.”

Yule mwanamke aliweka ungo chini polepole. Alimtazama Baba usoni muda mrefu, kama anayetafuta kitu alichokidondosha. “Mjomba?” akasema.

Baba hakuwa na dada Kigali, na hakuna mtu aliyewahi kumwita jina hilo.

Huyo ndiye Mwanahawa, binti wa shangazi. Alitukaribisha ndani, akatuletea maji, akalia kidogo, akacheka, akalia tena. “Mama kaenda matangani,” akasema, “ng’ambo ya mikoko kule. Adhuhuri ikishasaliwa atakuwa kesharudi. Yallah, mama yangu leo! Ataanguka!” Baba akamuuliza kama mama yake ni mnene au mwembamba, kwa ajili ya gauni. Mwanahawa akalifungua, akajipima nalo begani, akasema litamfika tu.

Mimi nilikuwa nimebaki kwenye neno moja. Kwetu mtu akifa tunasema kuna kilio. Matanga nilikuwa nimeyajua kwa wiki mbili tu, na yalikuwa yale ya Baba, yaliyokunjwa ndani ya yoti. Kwa hiyo nilielewa kwamba shangazi amekwenda kwenye mashua yetu. Nilijiuliza tumepishanaje njiani, na amekwenda kuchukua nini.

Chakula kilipoiva Mwanahawa aliniwekea wali mwingi na mnofu wa samaki, akanitazama nikila. Akanifuta mdomo kwa kanga yake. “Huyu harudi tena Rwanda, mjomba,” akasema. “Tumeshampata. Mama hana mtoto wa kukaa naye humu, mimi naolewa mwezi ujao. Atalala pale kwenye kitanda changu.”

Baba alicheka. Alikuwa amevua viatu, ameegemea ukuta, amestarehe kama yuko kwao. “Mchukueni,” akasema. “Ila mjue anakula huyu!”

Wakacheka wote wawili. Na mimi, kwa akili yangu ya miaka tisa, nikaunganisha: nyumba iliyojaa, sweta, maneno ya sitahani, kitanda cha Mwanahawa, na shangazi aliyekwenda matangani. Amekwenda kuchukua begi langu. Nikaomba kwenda uani, nikapita mlango wa nyuma, nikakimbia.

Mchanga ulikuwa mgumu na wenye mikunjo, unaumiza nyayo. Injinia alikuwa upande wa pili wa mashua, nilisikia brashi yake. Nilipanda ngazi ya kamba upande huu, nikaingia ndani, nikakuta begi langu chini ya kitanda. Nilifurahi sana. Nimemwahi! Nikalikumbatia nikaingia nalo kwenye kijichumba cha mbele kabisa, mlimokuwa matanga ya akiba, nikajifukia chini yake. Mlikuwa na joto kama tanuri, na harufu ile ikanijaa puani mpaka nikawa naionja. Baadaye brashi ilinyamaza, nikamsikia Injinia akienda zake upande wa mjini, akiburuta boti yake ndogo ya mpira na kupiga mluzi.

Sijui nilikaa muda gani kabla ya kusikia sauti ya Baba. Kwanza ilikuwa mbali, ya kawaida, kama anavyoniita nikale. “Kibibi! We Kibibi!” Kisha ikawa karibu, na haikuwa ya kawaida tena. Alipanda ndani. Nilisikia akivuta milango ya makabati, akiinua godoro. Akafungua kijichumba changu. Mwanga uliingia juu ya tanga lililonifunika, nikauona mwekundu kupitia kope zangu. Alikuwa anahema.

“Kibibi,” akasema, polepole. “Kama uko humu, toka. Hakuna atakayekugombeza. Toka, mwanangu, twende kwa shangazi.”

Kama angeishia kwenye mwanangu, nadhani ningetoka. Lakini alisema twende kwa shangazi, nami nikauma tanga kwa meno ili nisipumue. Akangoja. Mpaka leo najua urefu wa kule kungoja kwake. Kisha akafunga, akashuka, nikasikia miguu yake ikikimbia kuelekea sokoni.

Baada yake zilikuja sauti za wanawake kutoka upande wa mikoko. Walikuwa wengi, wakiitana kwamba mtoto wa wageni kapotea. Moja ya sauti hizo ilikuwa nzito, ya mtu mzima, na ilikuwa inakaribia. “Kibibi! Kibibi, mwanangu! Njoo kwa shangazi yako!” Alipita chini kabisa ya mashua. Nilisikia mchanga wa maji ukifyonza nyayo zake, nikasikia akisimama kupumzika, akisema peke yake, “Ewe Mola, asije akawa kaingia majini.” Alikuwa ametoka matangani, wakamwambia mlangoni kwamba ndugu yake amekuja na mtoto amepotea, na bila kuingia ndani hata kunywa maji akageuka kunitafuta. Baba alikuwa sokoni. Yeye alikuwa pwani. Mtu mmoja tu katika mji ule alijua kila mmoja yuko wapi, na mtu huyo alikuwa mimi.

Halafu sakafu ikatikisika. Maji yalikuwa yamerudi, mashua inaelea. Nilisikia injini ndogo ya boti ya mpira, Injinia akapanda, akaja mbele kuchukua kamba, na hapo akaliona begi langu limejitokeza. Alinivuta kwa mkono. Hakunigombeza. Alipuliza honi mara tatu na kupunga shati lake juu ya kichwa.

Baba alikuja akikimbia ufukweni, kanzu imelowa mpaka kiunoni, akaingia majini vilevile, akaogelea pale kina kilipomzidi. Alipopanda alinishika uso kwa mikono miwili.

“Ulikuwa wapi?”

“Nililala,” nikasema.

“Ulilala.” Akalirudia neno lile kama anajaribu kama linamtosha. Kisha akacheka kwa uchovu. “Alhamdulillahi. Haya, twende. Shangazi yako yuko huko mikokoni anakutafuta, mtu mzima, twende tumwambie umepatikana.”

Akaninyanyua kunishusha kwenye boti ya mpira. Hapo ndipo nilipoanza kupiga mayowe. Sijawahi kulia vile, wala kabla wala baada. Nilimng’ang’ania shingoni, nikamkwaruza, nikasema, “Usiniache, Baba, usiniache, sitakula sana!” Hakuelewa. Alidhani nimeota ndoto mbaya, au jua limenipiga. Akajaribu kunikabidhi kwa Injinia ili aende peke yake, nikazidi. Injinia akatazama jua. “Saidi, maji iko, lakini jua iko inashuka. Tukichelewa mlango ya mwamba, tunalala hapa, na kesho kutwa ndege yangu. Utarudi. Kiangazi ingine tunarudi wote.”

Baba aligeuka kuangalia ufuo. Wanawake walikuwa wametoka kwenye mikoko. Mmoja alijitenga nao akaingia majini na buibui lake mpaka magotini, mkono ameuweka juu ya macho. Hata mimi, katikati ya kilio, niliona jinsi alivyosimama, bega moja limeshuka kidogo. Baba husimama hivyo hivyo.

“Dada!” Baba akaita. “Dada Zaituni! Mtoto kapatikana!”

Yule mwanamke aliinua mkono. Akasema kitu, midomo tuliiona, upepo ukakichukua.

“Nitarudi!” Baba akapaza sauti. “Nina maneno ya mzee! Nitarudi!”

Sidhani kama alisikia hata moja. Injinia akavuta nanga. Baba alibaki nyuma ya mashua akiwa amenibeba, nami nimeficha uso shingoni mwake, nimeshinda. Ndivyo nilivyojisikia, sitawadanganya. Nilijisikia nimeshinda.

Kiangazi kilichofuata Injinia alikuwa amehamishiwa nchi nyingine, na mapacha waliugua. Baba alisema tutakwenda kwa basi mwaka mwingine. Kabla ya mwaka huo mwingine ilikuja barua ya Mwanahawa, kwamba mama yake amefariki wakati wa masika. Baba aliisoma akiwa amesimama mlangoni pa karakana yake, akaikunja, akaitia mfukoni, akarudi kwenye cherehani. Siku ile alishona mpaka uzi ukaisha.

Mara moja tu aliniuliza. Nilikuwa nimeingia sekondari, namsaidia kushika pembe ya turubai, tukiwa wawili tu. Hakuinua macho. “Ile siku,” akasema, “nilipokuita ndani ya mashua. Hukunisikia?”

“Sikusikia, Baba.”

“Yego,” akaitikia. “Watoto mkilala mnalala kweli.” Akaendelea kukanyaga cherehani.

Alinifungulia mlango kabisa, na mimi nikaufunga. Ningemwambia siku ile angekasirika kwa wiki moja, pengine mbili, halafu angejua. Badala yake aliishi na ile picha ya mkono ulioinuliwa, akijilaumu mwenyewe kwamba hakuruka majini. Najua alijilaumu kwa sababu Mama aliniambia. Baba alifariki mwaka jana, naye bado akiwa na yale maneno ya babu, hayajamfikia mwenyewe.

Siku ya tatu ya kilio, Hasani, mmoja wa mapacha, aliniletea simu. Alikuwa amemtafuta Mwanahawa mtandaoni mpaka akampata. Sauti ya Mwanahawa ilikuwa imekuwa nzito, nikashtuka, nikadhani ni ile ya shangazi kule pwani. Alitupa pole. Alimwombea Baba. Kisha akasema, bila ubaya, kama mtu anayekumbusha mambo ya ukoo, “Mama alikufa na kinyongo naye, Mungu awasamehe wote. Alisema ndugu yake alifika mpaka mlangoni, alipomwona kwa mbali akakimbia, kama baba yao. Mimi nilimtetea mjomba. Hakunisikiliza.”

Watu walikuwa wamejaa ndani, wengine wananingojea mimi. Nikasema asante kwa pole, dada. Nikakata simu. Hiyo ilikuwa mara ya tatu nimenyamaza, na mara hiyo sikuwa mtoto.

Jumapili hii nimempigia mwenyewe. Nilimwambia yote, kuanzia nguo ndani ya begi. Nilipofika kwenye neno matangani alitoa sauti ndogo kama mtu aliyejichoma sindano.

“Kwa ule utani wangu?” akauliza.

“Nilikuwa mtoto, dada. Utani wako ulikuwa mzuri.”

“Na mama yangu alipita hapo chini. Ukamsikia.”

“Nilimsikia.”

Nilisikia kuku kule kwake, na mtu akitwanga. Nilingoja anitukane, nilikuwa nimejiandaa, karibu nilitaka. Badala yake nilimsikia akiita watu, majina ambayo siyajui, njooni, wewe acha hicho njoo, mwite na kaka yako. Viti vikaburutwa. Mtoto mmoja akaulizwa namna ya kuongeza sauti ya simu.

“Kibibi,” Mwanahawa akasema, “hawa ni wajukuu wa mama. Wote wamekua wakiambiwa kwamba Saidi, babu yao wa Kigali, alifika mlangoni akakimbia. Waambie wewe. Anza mwanzo, usiruke kitu.”

Nikasikia pumzi zao, nyingi, karibu na simu. Nikajaribu kuanza na begi, nikashindwa, nikajaribu na safari, nikashindwa.

“Hakukimbia,” nikawaambia. “Alikuwa ananitafuta mimi, na mimi nilikuwa namsikia.”